Barua ya wazi: kila kisu kiandikiwe sababu yake

Kwa:
Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Hospitali,
Daktari Mfawidhi,
na wote wenye dhamana ya huduma za uzazi mkoani Kilimanjaro.

YAH: OPERESHENI ZA UZAZI ZISIZO NA SABABU YA KITABIBU

Waheshimiwa,

Salaam kwenu nyote, na poleni na kazi.

Ninaandika nikiwa mkunga mstaafu, mkazi wa Moshi, niliyetumia sehemu kubwa ya umri wangu leba. Jina la hospitali silitaji. Wenyewe mnajijua, na barua zangu mnazo, zimegongwa muhuri wa kupokelewa. Niliambiwa nisubiri kikao. Kikao kikapita. Nilipokwenda kuulizia nikakaribishwa vizuri, nikapewa soda na maneno matamu, nikarudi nyumbani bila jibu. Ndiyo maana leo nasema mbele ya watu.

Kabla sijaenda mbali niweke jambo moja sawa. Mimi si adui wa operesheni. Kondo la nyuma likitangulia, mtoto akilala kingamo, kitovu kikitoka kabla ya mtoto, uchungu ukikwama na kichwa kimebana, kovu la zamani likianza kuachia: hapo kila dakika ina thamani, na daktari anayekimbilia thieta anastahili shukrani. Nimeshika watoto waliozaliwa hivyo, leo ni watu wazima. Na nchi hii bado ina wanawake wanaokufa kwa kukosa operesheni hiyo hiyo ninayoilalamikia.

Takwimu za kitaifa hazina kelele. Utafiti wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulionyesha asilimia 6 ya watoto nchini walizaliwa kwa operesheni. Ule wa mwaka 2022 ukaonyesha asilimia 11. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 1985 kwamba hakuna sababu ya kuvuka asilimia 10 hadi 15, na mwaka 2015 likafafanua kuwa katika jamii nzima, kupanda juu ya asilimia 10 hakuonekani kupunguza vifo vya mama wala mtoto. Kwa hiyo kwenye karatasi tuko pazuri. Lakini wastani huo umemjumlisha mama wa kijijini aliyekosa operesheni aliyoihitaji na mama wa mjini aliyefanyiwa asiyoihitaji, ukawaweka kwenye kapu moja. Mimi nazungumzia huyu wa pili.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Uchungu hausubiriwi

Mke wa mpwa wangu alikuwa na mimba ya kwanza, wiki 39, mtoto mmoja, kichwa chini, presha nzuri, kadi ya kliniki haina alama nyekundu hata moja. Alifika kwenu asubuhi njia ikiwa sentimita 3, bado anaongea na simu na kucheka. Mtu wa namna hiyo zamani tulimwambia atembee, ale, anywe chai, arudi uchungu ukikaza. Huyu alilazwa kitandani. Saa sita mchana akawekewa dripu ya kuongeza uchungu. Saa kumi na mbili jioni, njia ikiwa sentimita 5, akaambiwa uchungu wake hauendelei. Saa mbili usiku alikuwa thieta.

Tangu mwaka 2018 miongozo ya Shirika la Afya Duniani inasema uchungu mkali unahesabiwa kuanzia sentimita 5, na kwamba ile sheria tuliyofundishwa sisi, ya njia kufunguka sentimita moja kila saa, isitumike kuamua kwamba mama ameshindwa. Wengi huenda polepole kuliko hapo na wanazaa salama. Kwa mimba ya kwanza, kutoka sentimita 5 hadi njia kufunguka yote, hata saa 12 ni kawaida, ilimradi mama na mtoto wana hali nzuri. Binti yetu alipasuliwa pale pale ambapo saa yake ilipaswa kuanza kuhesabiwa.

Patografu yake, yaani karatasi ya kuandikia mwenendo wa uchungu, iliambatanishwa na fomu za bima, ndiyo maana nikaiona. Nukta zote ni za wino mmoja na mkono mmoja. Mapigo ya moyo ya mtoto ni 140, nusu saa baadaye 140, nusu saa tena 140, kuanzia mchana hadi jioni, mstari umenyooka kama uliopigwa rula. Mtoto aliye hai tumboni hana mapigo ya namna hiyo. Yanapanda akicheza, yanaweza kushuka mama akibanwa, yanarudi. Karatasi ile ilijazwa kwa mkao mmoja, mambo yakiwa yameshaamuliwa. Mkunga yeyote atakayeiona atawaambia hivyo, mwiteni mumuulize.

Wauguzi siwatupii lawama peke yao. Mama mkwe wa binti, aliyeshinda kwenye benchi la nje siku ile, anasema alimwona muuguzi mmoja tu akiingia na kutoka. Mtu mmoja mwenye wazazi kadhaa hawezi kusikiliza mapigo kila nusu saa, kushika tumbo kuhesabu mibano, kumgeuza huyu ubavu na kumtia moyo yule. Atachungulia tu. Na asiyekuwa na hakika na kilichotokea saa tatu zilizopita atamwita daktari, na daktari aliyekabidhiwa karatasi isiyosema kitu atachagua kisu. Hata mimi ningekuwa daktari, kwa karatasi ile ningeogopa.

2. Sababu za maneno mawili

Tangu nistaafu, wanawake wa mtaani huniletea kadi zao za ruhusa niwasomee. Sababu zilizoandikwa humo ni fupi mno: mtoto amechoka. Nyonga ndogo. Maji kidogo. Mtoto mkubwa. Kitovu shingoni. Kila moja yaweza kuwa kweli, ila kwa maneno mawili haipimiki.

Mtoto amechoka, kwa kipimo gani? Mapigo yalishuka hadi ngapi, kwa muda gani, mama aligeuzwa ubavu, dripu ya uchungu ilifungwa kwanza? Mara nyingi dripu yenyewe ndiyo inayomchosha mtoto, maana mibano ikifuatana bila nafasi hapati pumzi. Ikifungwa, mapigo hurudi. Mashine ya kuandika mapigo mfululizo nayo, akivalishwa mama asiye na tatizo lolote, imethibitika kuongeza operesheni bila kupunguza vifo vya watoto wala mtindio wa ubongo.

Nyonga ndogo, imepimwa na nani? Nyonga haihukumiwi kwa urefu wa mama wala kwa namba ya kiatu chake. Kipimo chake ni uchungu wenyewe, mkali na wa kutosha, huku mtoto akigeuza kichwa kutafuta njia. Nimepokea watoto wa kilo nne kwa akina mama wafupi kuliko meza ya dawa.

Mtoto mkubwa, kwa ultrasaundi ipi? Kipimo hicho cha uzito mwishoni mwa mimba hukosea kwa asilimia 10 hadi 15 juu au chini. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kinashauri kufikiria operesheni kwa sababu ya ukubwa peke yake pale tu makadirio yanapofika kilo 5, au kilo 4.5 kwa mama mwenye kisukari. Mimi nina kadi hapa ya mtoto "mkubwa" aliyetoka na kilo 3.2.

Na kitovu shingoni! Takriban mtoto mmoja kati ya wanne au watano huzaliwa kimemzunguka shingo. Mkunga anakipitisha juu ya kichwa kwa vidole viwili na kazi inaendelea. Kumwonyesha mama picha ya ultrasaundi na kumwambia mwanao amejinyonga ni kumtia hofu ili aombe kisu mwenyewe.

3. Kovu moja limekuwa hukumu ya maisha

Kwenu mama aliyepasuliwa mara moja haulizwi tena. Anapangiwa tarehe. Ilhali mwenye kovu moja la kukata kwa ulalo chini ya kizazi, mimba imekaa vizuri na hospitali ina thieta karibu, akipewa nafasi ya kujaribu, 60 hadi 80 kati ya 100 huzaa kwa njia ya kawaida. Hatari ya kovu kuachia ipo, kama mmoja kati ya 200, ndiyo maana hatusemi ajaribie nyumbani. Tunasema ajaribie kwenu, ambako mna damu, mna daktari wa zamu na mna thieta.

Ili ajaribu, lazima ijulikane alikatwaje. Kadi nyingi hazisemi. Mama anakuja na mimba ya pili, hakuna anayejua kama kizazi kilikatwa kwa ulalo au kwa wima, basi salama ya daktari ni kukata tena. Mstari mmoja wa maandishi ungemwokoa.

Hapa ndipo operesheni ya kwanza isiyo na sababu inapoleta gharama yake yote. Wanawake wetu hawaishii mtoto mmoja. Kila kovu linaongeza uwezekano wa kondo la nyuma kujishikiza ndani ya nyama ya kizazi mimba inayofuata. Mwenye makovu mawili, kondo likitangulia, hatari ya kondo hilo kung'ang'ania inafika karibu asilimia 40, na damu yake haikamatiki kirahisi. Wengi huishia kutolewa kizazi. Utafiti uliofanyika katika hospitali 183 za nchi 22 za Afrika, ukachapishwa mwaka 2019, ulikuta wanakufa kina mama takriban 5 kwa kila operesheni 1,000 za uzazi, mara 50 ya nchi tajiri. Sisemi ndivyo ilivyo kwenu. Nasema hiki ni kisu cha Afrika, chenye upungufu wa damu na wa wataalamu wa usingizi, na mtu asikishike kama anakata kitunguu.

Na baada ya hospitali kuna nyumbani. Mama mkwe atapika mtori na kumtunza mzazi ndani kama desturi ya Uchagani inavyotaka. Lakini huko Kibosho au Marangu mzazi huyo ndiye anayekata majani ya ng'ombe na kuyapandisha mteremko kichwani. Mkimwambia asinyanyue kitu kizito kwa wiki sita, nani atalisha zizi?

4. Saa na hela

Hili nitalisema kifupi kwa kuwa kila mtu mjini analijua. Uchungu wa kawaida hauna ratiba, unaweza kumweka daktari hadi alfajiri. Operesheni inaisha ndani ya saa moja, na inalipwa zaidi ya kuzaa kawaida. Sina ushahidi kwamba daktari wenu yeyote amempasua mtu kwa ajili ya fedha, na simtuhumu mtu. Ila mfumo unaomlipa mtu zaidi kwa kukata na kidogo kwa kusubiri utavuna kukata, hata wahusika wakiwa watakatifu. Hesabuni wenyewe: wenye kadi ya bima na wanaolipa taslimu, operesheni ni ngapi kila upande? Ijumaa jioni je, na Jumanne asubuhi?

5. Saini ya kwenye mbano

Fomu ya ridhaa inaletwa mama akiwa katikati ya mbano, anaambiwa saini haraka mtoto asife. Hiyo si ridhaa. Kwa dharura ya kweli sawa, hakuna muda. Lakini uchungu unaosemekana hauendelei tangu mchana una muda wa kumkalisha mama na mtu wake wakaelezwa.

Najua mtakayosema.

Mtasema wanawake wenyewe wanaomba operesheni. Wapo, hasa mjini, na wana haki ya kusikilizwa. Waulizeni kwa nini. Wengi wao waliwahi kuzaa peke yao kwenye kitanda cha leba, wakifokewa, bila ndugu, bila dawa ya maumivu. Anayekimbia hapo anakimbia jinsi alivyotendewa.

Mtasema ninyi mnapokea wazito: rufaa kutoka Rombo, Same, Siha, waliokwama vijijini. Ni kweli, na hospitali ya rufaa lazima iwe na idadi kubwa kuliko kituo cha afya. Ndiyo maana ipo njia ya kutenganisha. Daktari Michael Robson aliiweka mwaka 2001, na tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri kila hospitali iitumie: wazazi wote wanagawanywa makundi 10, kwa mambo ambayo kila kadi inayo, mimba ya ngapi, wiki ngapi, mtoto amelalaje, kuna kovu, uchungu umeanza wenyewe au umeanzishwa. Mtoto wa kingamo ana kundi lake, la tisa. Wenye kovu wako la tano. Mimi naulizia kundi la kwanza: mimba ya kwanza, mtoto mmoja, kichwa chini, wiki 37 na kuendelea, uchungu umeanza wenyewe. Hao si wazito. Kati yao mnapasua wangapi? Msiniambie kuhesabu hakuwezekani, maana hapa hapa Moshi, hospitali ya KCMC, kuna daftari la vizazi lililoanzishwa mwaka 2000.

Mtasema mkisubiri na mtoto akafa mtaburutwa kwenye mabaraza na mitandaoni. Hofu hiyo naielewa, nimeishi nayo. Kinga yake ni patografu iliyojazwa kwa wakati wake. Karatasi ya kweli humtetea mkunga na daktari kuliko kovu lolote.

Mtasema wakunga hawatoshi. Hapo tuko pamoja, na nitasimama nanyi popote mtakapokwenda kuomba wa kuongeza. Lakini ndugu mmoja kando ya kitanda hahitaji ajira. Mapitio ya tafiti 26 zenye wanawake zaidi ya 15,000, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalikuta mama mwenye mtu wa kumshika mkono muda wote wa uchungu ana uwezekano mdogo wa kupasuliwa, na uchungu wake ni mfupi. Kwenu shangazi na dada zetu wanaambiwa wakae nje, nje ambako hata kivuli hakuna.

Ninachoomba ni hiki.

Kwanza, ubaoni pa wodi ya wazazi, kila mwezi, mbandike idadi ya waliozaa na waliopasuliwa kwa kila kundi kati ya yale 10. Bila majina.

Pili, operesheni isiyo ya dharura iamuliwe na wawili, daktari mwingine mwenye uzoefu aweke maoni na saini yake kabla mama hajahamishwa kitanda. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 inashauri hivyo kwa hospitali zenye madaktari bingwa, nanyi mnao. Na iliyopangwa kwa tarehe isifanyike kabla ya wiki 39 bila sababu ya kitabibu, maana watoto wanaotolewa mapema ndio wanaoishia kwenye oksijeni kwa kushindwa kupumua.

Tatu, kila mama aliyepasuliwa aondoke na karatasi inayosema sababu kwa ukamilifu, vipimo vyake, na jinsi kizazi kilivyokatwa.

Nne, mruhusu mtu mmoja wa kukaa na mama leba. Kama tatizo ni faragha, wekeni pazia kati ya vitanda. Kitambaa kinauzwa pale sokoni.

Tano, na hili nawageukia wenye mifuko ya bima: dai la operesheni lisilipwe bila patografu. Brazili, ambako zaidi ya nusu ya watoto huzaliwa kwa operesheni, waliweka sharti hilo kwa hospitali binafsi mwaka 2015. Na mtu wa kuikagua patografu awe mkunga anayejua kuisoma, asiwe karani wa kuangalia muhuri.

Sita, faili la binti yetu lipitiwe na madaktari wa nje ya hospitali yenu, nasi tuelezwe matokeo. Hatuhitaji fidia. Ana miaka 24, anataka watoto wengine, na anahitaji kujua kama mimba ijayo ataruhusiwa kujaribu.

Naomba jibu kwa maandishi ndani ya siku 30, liwe la bodi na si la mtu mmoja. Kama kuna jambo nimelisema vibaya, nikosoeni hadharani kama nilivyowaandikia hadharani. Nipeni takwimu nami nitazisoma. Siku hizo zikipita kimya, nitapeleka nakala ya patografu ile, kwa idhini ya mwenyewe, kwenye Baraza la Madaktari na Baraza la Uuguzi na Ukunga, pamoja na nakala za barua zote mlizogonga muhuri.

Wenu katika kuwahudumia wazazi,

Mkunga mstaafu,
Moshi